Mauaji Mbugani: namna ya kuandika riwaya ya upelelezi ya askari wa wanyamapori, Nairobi

Riwaya za askari wa hifadhi anayechunguza mauaji huendeshwa na umbali. Maiti iko korongoni, kituo cha polisi kiko mwendo wa siku nzima, na mpelelezi amebaki peke yake na muuaji. Mmarekani Nevada Barr, ambaye mwenyewe aliwahi kuvaa sare ya hifadhi, alimzindua askari wake Anna Pigeon mwaka 1993, kisha akawa akimhamisha kitabu hadi kitabu kutoka hifadhi moja kwenda nyingine, kila moja na upweke wake.

Ichukue fomula hiyo uilete Nairobi kama ilivyo, itakufia mikononi. Mbuga yetu ina kilomita za mraba 117 tu. Ukisimama kati ya swala unaona maghorofa ya Upper Hill, ndege ndogo za uwanja wa Wilson zinapita juu ya vifaru, na treni ya SGR, reli ya kisasa, inakatiza mbuga ikiwa juu ya nguzo. Kutoka lango kuu la Lang'ata boda inakufikisha polisi kabla chai haijapoa. Msomaji wa Rongai, mji jirani na mbuga, hatakubali umwambie kwamba huko ndani hakuna wa kumsikia mtu akipiga kelele.

Upweke upo, lakini haumo kwenye umbali. Umo kwenye saa, kwenye matope na kwenye mamlaka. Hatua zifuatazo zinakuonyesha namna ya kuuchimba huko.

Hatua ya 1: Ichore mbuga kabla ya kumchora mtu

Nenda siku ya kazi, asubuhi na mapema, na daftari badala ya kamera. Simba waache wenye kamera wawafuate. Wewe unatafuta mipaka. Kaskazini, mashariki na magharibi kuna ua. Kusini hakuna ua, kuna Mto Mbagathi tu, na ng'ambo yake ni nyanda za Kitengela na Kapiti ambako nyumbu na punda milia walikuwa wakienda na kurudi tangu kabla mbuga haijatangazwa rasmi mwaka 1946. Upande huo ulio wazi ndio moyo wa kitabu chako. Kinachoingia au kutoka bila kupitia langoni, kiwe mnyama au mtu, hupitia huko.

Kwenye ramani yako weka Impala Point, korongo la Mokoyeti, bwawa la Nagolomon, madimbwi ya viboko na eneo la kuchomea pembe. Kwa kila mahali jiulize: je, mtu anaruhusiwa kushuka garini? Nani anaweza kumwona? Gari likipita, alama za magurudumu hubaki?

Swali la kwanza lina uzito kuliko linavyoonekana. Barabarani ndani ya mbuga, kufungua mlango ukashuka ni kosa. Lakini pale Rais Moi alipoteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na Uhuru Kenyatta tani 105 mwaka 2016, wageni hushuka na kutembea watakavyo. Mshukiwa wako anaweza kusimama hapo nusu saa akimsubiri mtu, na hakuna atakayemkumbuka. Kwenye madimbwi ya viboko pia hutembea kwa miguu, ila huko kuna askari mwenye bunduki. Tofauti hiyo peke yake inatosha kukupa mpango wa mauaji.

Kisha chagua tarehe. Si msimu, tarehe. Angalia kalenda ya mwezi: usiku wa mbalamwezi doria huwa na wasiwasi zaidi, kwa kuwa jangili hahitaji tochi. Angalia mvua pia. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hugeuza udongo mweusi wa uwandani kuwa gundi. Gari lisilo na nguvu magurudumu yote manne halitoki. Huo ndio upweke wa kwanza: kilomita tano kutoka Mombasa Road, taa za jiji unaziona, na huwezi kwenda popote.

Hatua ya 2: Mpe askari cheo kidogo na mipaka mingi

Waandishi wengi hukimbilia kumfanya mpelelezi wao kuwa mkuu wa mbuga. Mkuu wa mbuga anahudhuria mikutano. Mpe koplo au sajini, mtu aliyefunzwa kwenye chuo cha askari wa wanyamapori cha Manyani, anayeishi kwenye nyumba za askari humo humo mbugani, mwenye watoto nyumbani kwao mashambani na mkopo wa sako. Mtu wa cheo hicho anaweza kuamriwa anyamaze. Na hapa kwetu huhitaji muuaji amtishe kwa kisu. Barua ya uhamisho inatosha. Bahasha moja mezani, na kufikia Jumatatu anatakiwa aripoti kituo kilicho kilomita mia tano kutoka kwenye ushahidi wake.

Halafu ujue sheria inamruhusu nini, kwa maana hapa ndipo riwaya nyingi za aina hii zingeanguka Nairobi. Huko Marekani idara ya hifadhi za taifa ina askari wa kusimamia sheria na hata wachunguzi wake maalumu wa makosa makubwa. Kwetu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inampa ofisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, uwezo wa kupekua, kukamata na kushika vielelezo katika makosa ya wanyamapori. Mtu akiuawa, kesi si yake. Ni ya polisi na wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, maiti ni ya daktari wa serikali wa upasuaji, uamuzi wa kumshtaki mtu ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kesi yenyewe husikizwa Mahakama Kuu.

Wengine huona huo ni ukuta. Mimi naona ni zawadi. Koplo wako ana elimu yote na hana ruhusa. Mpelelezi wa DCI ana ruhusa yote na amekuja mbugani na viatu vya ofisini. Kila onyesho kati yao lina moto ndani yake. Tena koplo ana mlango mmoja wa halali: akipata mzoga, mtego wa waya au kipande cha pembe karibu na maiti, hicho ni chake. Kosa dogo la wanyamapori ndilo kamba atakayoishika hadi imfikishe kwenye kosa kubwa.

Onyesho la kwanza linaweza kwenda hivi:

*"Afande, usikanyage hapo."*

*Inspekta akatazama chini. Aliona matope.*

*"Kuna nini?"*

*"Alama ya kiatu. Mguu wa kulia. Mtu alikuwa amebeba kitu upande huo, kisigino kimezama." Koplo akainua macho kuelekea Ngong, ambako wingu lilikuwa limeshashuka hadi kiunoni mwa vilima. "Mvua ikifika hatutakuwa nayo."*

*"Watu wa picha wako njiani."*

*"Wako wapi, afande?"*

*Inspekta akapiga simu, akasikiliza, akakata. "Bellevue. Kuna jam."*

Unaona kilichotokea. Sheria inasema usiguse, mawingu yanasema guse. Mfanye achague. Akichomoa kalamu, akailaza kando ya alama kama kipimo na kuipiga picha kwa simu yake, ameokoa ushahidi, na vilevile amempa wakili wa utetezi swali zuri kwa sura ya ishirini na sita.

Hatua ya 3: Maiti, na wanyama walioifikia

Hapa kaa sana. Ndipo riwaya ya porini inapoachana na riwaya ya mtaani.

Jambo ambalo muuaji wa mbugani hulitegemea ni kwamba watu watasema simba. Si ubunifu wa waandishi. Mwaka 1988 mgeni Mwingereza alipouawa Maasai Mara, maelezo ya mwanzo ya wakuu yalikuwa kwamba ni wanyama waliomla. Babake alikataa, uchunguzi wa mahakama ukaamua kwamba aliuawa, na kesi zilizofuata zikaisha kwa washtakiwa kuachiliwa. Kila Mkenya mwenye umri fulani anaikumbuka habari hiyo, kwa hiyo mhusika wako akitamka "ni simba" katika sura ya pili, wasomaji wataketi wima.

Kazi ya koplo ni kusoma nani alikula, lini, na alikuta nini. Jifunze haya:

Tumbusi hutafuta kwa macho, si kwa pua, na husubiri jua lipashe hewa ndipo wapande juu. Maiti iliyotupwa usiku chini ya kichaka kizito wanaweza kuikosa kabisa; iliyotupwa uwandani itakuwa na duara la mbawa juu yake kabla ya adhuhuri. Tumbusi wakitua asubuhi sana juu ya mti na wasishuke, kuna kitu chini kinachowazuia, na kitu hicho huenda bado kiko hai.

Fisi huja kwa pua, usiku, na havunji tu mifupa bali huila. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya chokaa ya mifupa. Koplo anayekusanya vinyesi vyeupe kwa mfuko siku tatu baada ya mtu kupotea ataonekana kichaa hadi atoe kifungo cha suruali humo.

Chui hubeba chake mtini. Simba huanza na sehemu laini za tumbo. Na jeraha lililotiwa mtu akiwa amekwisha kufa halitoi damu kama la mtu aliye hai. Daktari wa upasuaji atalisema hilo kwa maneno marefu. Koplo ameshaona mizoga ya kutosha kulijua kwa kutazama nyasi.

Sumu pia. Wafugaji waliochoshwa na kupoteza ng'ombe wamewahi kutia mizoga dawa kali za wadudu ili kumwua simba. Dalili yake ni ya kutisha kwa utulivu wake: nzi waliokufa wamelala kuzunguka nyama. Ukiweka nzi wafu kando ya maiti ya binadamu, humalizi sura bila msomaji kuifungua inayofuata.

Kuhusu saa ya kifo, kumbuka uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500. Usiku wa Julai hapa ni wa koti. Mayai ya nzi ambayo kwenye joto yangeanguliwa kwa takriban siku moja yatachelewa, na mwili hukakamaa na kulegea polepole zaidi. Ukiiga ratiba ya riwaya iliyoandikiwa jangwani, mhudumu yeyote wa mochari atakukamata.

Hatua ya 4: Dalili za askari peke yake

Kanuni yangu ni moja: kila dalili kuu iwe ni kitu ambacho inspekta amekiona pia, ila hakukisoma. Usimpe koplo bahati. Mpe macho.

Nyayo ndizo bora. Simba na chui hutembea wamevuta kucha ndani, kwa hiyo unyayo wao hauna alama za kucha. Fisi, mbwa na duma huziacha. Basi pakiwa na "nyayo za simba" kando ya maiti na kila kidole kina nukta mbele yake, huyo si simba. Ikiwa ni mbwa, mbwa mkubwa kiasi hicho ni wa nani, na alipitaje ua?

Udongo mweusi wenyewe ni saa. Ukiwa na maji huvimba na kushika kila kitu, ukikauka hupasuka. Alama iliyo na ufa uliopita katikati yake ilipigwa kabla ya kukauka. Alama iliyokaa juu ya ufa ni ya baadaye. Kwa kutazama nyufa tu koplo anaweza kupanga magari mawili nani alitangulia, na kuuvunja ushahidi wa mtu anayedai alifika wa mwisho.

Kuna migunga midogo uwandani yenye vinundu vyeusi, na ndani ya vinundu mnaishi sisimizi. Tikisa tawi, wanamwagika kuulinda mti. Mtu aliyepita hapo gizani akiburuta mzigo atakuwa na mikwaruzo ya miiba na alama za kuumwa mikononi. Kesho yake amevaa mikono mirefu, Februari, jua kali. Usieleze. Mwache msomaji aone mikono mirefu tu.

Masikio nayo. Utafiti wa Amboseli uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, kila mmoja wake. Tuseme kuna video ya simu ya mtalii, sekunde chache, na nyuma ya sauti za watoto kuna tumbili wanaopiga kelele. Polisi wameitazama video hiyo mara nyingi. Koplo anaisikiliza akiwa amefumba macho. Na wale ndege wadogo wanaodandia migongo ya vifaru, huchachamaa mtu akikaribia. Kifaru aliyeamka na kugeuka upande fulani asubuhi amekwisha kutoa ushahidi wake.

Usitumie zote. Nne kwa kitabu kizima zinatosha, na moja iwe ya kupotosha.

Hatua ya 5: Sababu ya kuua, na si lazima iwe pembe

Pembe ya kifaru ni jibu ambalo msomaji amelileta kutoka nyumbani. Itumie kama pazia, halafu tazama kusini.

Huko ng'ambo ya mto kuna kila kitu ambacho watu huuania. Mashamba yanagawanywa ploti na kuzungushiwa seng'enge, njia za wanyama zinazibwa moja baada ya nyingine. Kumekuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kimaasai wasijenge ua, na ndugu wawili wenye hati moja wanaweza kutofautiana kuhusu malipo hayo hadi mmoja asirudi nyumbani. Kuna fidia ya mifugo iliyoliwa, na fidia huzaa madai ya uongo. Kuna nyama ya porini inayoingia mjini ikijiita ya ng'ombe. Kuna reli iliyopitishwa mbugani huku kesi zikiwa mahakamani. Na kuna simba wanaotoka: Mohawk, mwenye manyoya kichwani yaliyompa jina, alipigwa risasi Isinya Machi 2016 umati ukiwa umemzunguka. Mtu aliyekuwa katika umati kama ule, na aliyeona jambo jingine kabisa lililotokea pembeni wakati macho yote yako kwa simba, ni shahidi wa thamani.

Ukitaka dalili inayozaliwa na mahali penyewe, tazama zizi. Richard Turere akiwa bado mvulana, kando ya mbuga hii, alibuni taa za kumetameta zinazowazuia simba wasikaribie ng'ombe. Sasa boma lina taa hizo, zimewaka kila usiku, na usiku wa mauaji zilizimwa. Simba akaja. Nani alitaka simba aje?

Hatua ya 6: Simu

Usiseme mtandao ulikatika. Upo. Badala yake ufanye uwe tatizo: wageni hulipa kwa njia ya kielektroniki na majina yao yamo kwenye mfumo, magari hupita langoni na kuonekana, simu huacha alama kwenye minara. Kwa hiyo muuaji wako ama hakupitia langoni, ama aliingia kihalali na hakutoka saa kumi na mbili jioni, ama simu yake ilitoka na yeye akabaki. Hiyo ya tatu naipenda. Simu imekaa baa moja ya Rongai hadi usiku wa manane, ikicheza muziki. Mwenyewe yuko bondeni, lango limefungwa, na walio ndani sasa ni askari, wanyama na yeye.

Hatua ya 7: Wape watu ndimi zao

Askari kwa askari ni "afande". Mzee wa Kitengela humwita koplo "kijana wangu" na hajibu swali la pili kabla hajaulizwa habari za ng'ombe, hata kama anaulizwa kuhusu maiti. Dereva wa watalii anajua kila kitu na hasemi mbele ya wageni wake. Kijana wa Rongai atachanganya Kiswahili na Sheng. Mwachie, ila maneno machache tu, kwa kuwa Sheng huzeeka upesi kuliko kitabu.

Na upelelezi wenyewe uwe wa namna gani? Kiswahili kina koo mbili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla huketi, huvuta kiko, hutazama kitu kidogo ambacho wengine wamekiruka. Willy Gamba wa Elvis Musiba hukimbiza na kupiga risasi. Askari wako ana bunduki, kwa hiyo kishawishi cha Gamba kipo. Kikatae hadi karibu na mwisho. Risasi zake zinahesabiwa ghalani zikitoka na zikirudi. Akifyatua moja ataandika ripoti, na mtu anayeandika ripoti huwaza kabla ya kufyatua.

Hatua ya 8: Rasimu

Andika kwanza usiku wa mauaji jinsi ulivyokuwa kweli, saa kwa saa, kuanzia lango kufungwa hadi kufunguliwa, kwa upande wa muuaji. Kurasa hizo hazimo kitabuni. Kisha anza riwaya asubuhi yake, na kila sura iufichue usiku huo kwa kipande.

Ukimaliza, mtafute askari mstaafu asome sura za porini. Usimuulize kama hadithi ni nzuri; muulize ni wapi alicheka ambapo hukukusudia kuchekesha, ukaandike upya hapo. Sura za Kitengela mpe mtu wa Kitengela, na zile za kortini mpe yeyote aliyewahi kukaa siku nzima kwenye benchi akingoja kesi yake itajwe, kisha ikaahirishwa.